Proteasomu Imegoma: Anza Ukaguzi Mlangoni

Mwanafunzi wa uzamili hunijia jioni, koti jeupe bado mwilini, karatasi ya mashine mkononi. Mstari wa grafu umelala sakafuni. "Daktari, proteasomu imekufa." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi hapa Nairobi, na siku hizi hujibu kwa swali: ilikuwa na nani mlangoni?

Tunafundishwa proteasomu kama kisu cha seli kinachokata protini zilizochakaa, basi jaribio likikwama tunakilaumu kisu. Lakini kisu chenyewe ni kigumu. Kinachodondoka, kuoza au kusahauliwa ni protini zinazokaa juu yake na kuamua nini kiingie, lini, na kwa gharama gani; hizo naziita wasimamizi. Nimeandika mwongozo huu kwa yeyote anayepima proteasomu na kupata matokeo asiyoyaelewa. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayokuja nayo.

Umbo, kabla ya dalili

Pipa la katikati huitwa 20S. Lina vipande 28 katika pete nne za saba saba: alfa juu, beta mbili katikati, alfa chini. Meno yanayokata yamo ndani, kwenye pete za beta. β1 hukata baada ya asidi amino zenye chaji hasi, β2 baada ya zenye chaji chanya, β5 baada ya zile kubwa zinazokimbia maji. Pete za alfa hazikati chochote. Kazi yake ni lango. Mikia ya vipande vya alfa, hasa α3, hulala juu ya tundu na kuliziba, na hivyo seli haijili yenyewe.

Wa kwanza kati ya wanaolifungua lango hilo ni 19S, kofia kubwa yenye vipande karibu 20. Ukiingia jengo la ofisi pale katikati ya jiji, soja wa geti huchukua kitambulisho chako akakiweka kando, ndipo ukapita. 19S hufanya hivyohivyo. Rpn1, Rpn10 na Rpn13 huishika ubikwitini, protini ndogo inayobandikwa kwenye protini nyingine kama alama kwamba iharibiwe. Rpn11, yenye ioni ya zinki, huikata na kuiacha nje itumike tena. Kisha pete ya vipande sita vya Rpt huikunjua protini na kuivuta ndani kwa nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. 20S ikivaa kofia hii upande mmoja au pande zote mbili ndiyo tunayoiita 26S.

Wengine ni wapole zaidi. PA28 ni pete ya vipande saba isiyotumia ATP wala kutambua ubikwitini. PA200, ambayo hamira huiita Blm10, ni mnyororo mmoja mrefu uliojizungusha ukawa kuba. Wote hutua mahali pamoja, yaani kwenye mifuko iliyo kati ya vipande vya alfa, na wote huingiza ncha za mikia yao humo. Shika neno hilo "mikia". Litarudi.

Dalili: hakuna mng'ao hata kidogo

Unatumia peptidi ya Suc-LLVY-AMC, kipande kifupi kinachoachia AMC yenye kung'aa kikikatwa, mashine inapiga mwanga wa nanomita 380 na kusoma 460, na baada ya saa nzima kisima chako hakina tofauti na bafa tupu.

Kagua mashine kwanza. Weka AMC huru, isiyofungwa kwenye peptidi, katika visima vichache vya viwango tofauti. Ikiwaka, mashine ni nzima. Kisha itazame peptidi: huyeyuka vibaya kwenye maji, na ukiongeza tone lake lililoyeyushwa kwenye kiyeyushi cha DMSO ndani ya bafa baridi inaweza kuganda ukaona ukungu mwembamba. Ipashe bafa kwanza, na DMSO ya mwisho isizidi asilimia 2.

Hayo yakiwa sawa, huenda una 20S safi kabisa, na hapo ndipo penye tatizo. 20S safi isiyo na msimamizi imelala, lango limefungwa. Haina kasoro yoyote. Hivyo ndivyo ilivyoumbwa. Tia SDS asilimia 0.02 katika kisima kimoja. Kiasi hicho kidogo cha sabuni huyumbisha mikia ya alfa na lango huachia. Mng'ao ukipanda ghafla, kimeng'enya chako kiko hai na kinachokosekana ni mfunguaji. Usipopanda hata kwa SDS, hapo ndipo unaruhusiwa kusema kimekufa.

Visima hivi viwili, kimoja chenye ATP bila SDS na kingine chenye SDS bila ATP, nawasihi wanafunzi wangu waviweke katika kila pleti, hata siku ambayo kila kitu kinakwenda vizuri. SDS huiamsha 20S lakini huivunja 26S. Kwa kulinganisha visima hivyo unajua ni kiasi gani cha proteasomu yako bado kimevaa kofia.

Dalili: jana ilikuwa na nguvu, leo imelegea

Hii ndiyo inayowatesa watu wengi, na nitakaa hapa zaidi.

26S ni muungano, na muungano huo unashikiliwa na ATP. Vipande vya Rpt visipokuwa na ATP mifukoni, kofia hulegea na kuachana na pipa. Kwa hiyo ATP lazima iwepo tangu unapovunja seli, katika kila bafa ya kusafishia, hadi kwenye jeli. Mimi hutumia milimola 2 za ATP, milimola 5 za magnesi, DTT milimola 1 na gliserini asilimia 10. Gliserini si pambo; inasaidia kofia kukaa.

Mwaka fulani tulipoteza karibu wiki tatu. Dada mmoja kwenye benchi letu, makini kuliko mimi, alikuwa akisafisha 26S kutoka kwenye ini la panya. Kila mara kisima cha SDS kiliwaka na kisima cha ATP kilibaki hafifu. Tulibadilisha ATP, tukabadilisha peptidi, tukagombana na mashine. Siku moja nilimwomba anisomee kwa sauti bafa ya kuvunjia seli, kitu kimoja kimoja, chupa ikiwa mkononi. Alipofika "EDTA, milimola 5" wote wawili tulinyamaza. Bafa ilikuwa imerithiwa kutoka kwa kazi nyingine kabisa, ambako EDTA ilitiwa kuzuia vimeng'enya vinavyotegemea metali. Magnesi katika bafa hiyo ilikuwa milimola 2. Molekuli moja ya EDTA hushika ioni moja ya magnesi, kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi: hakuna magnesi iliyobaki. ATP bila magnesi haitumiki na Rpt. Kofia zote zilikuwa zikidondoka kwenye barafu, ndani ya dakika chache za mwanzo, kabla hatujagusa hata safu ya kusafishia.

Kwa hiyo soma lebo ya kila kidonge cha vizuizi unachotupia kwenye bafa. Chagua kisicho na EDTA. Na ukiwa hapo angalia pia kama kina leupeptini, kwa sababu hiyo hubana meno ya β2, na siku utakapopima β2 utashangaa.

ATP yenyewe ina mtego. Ukiyeyusha unga wake wa chumvi ya sodiamu kwenye maji matupu unapata asidi kali. Isiposawazishwa kwa NaOH hadi pH 7 hivi, hushusha pH ya bafa yako, na hata ikiwa ndani ya friza huendelea kuvunjika taratibu. Nimeona chupa za ATP za miaka miwili zikitumika kwa imani. Tengeneza milimola 100, sawazisha, gawa mikrolita 50 kila kichupa, na ukishayeyusha kimoja usikirudishe. Jaribio likizidi nusu saa na sampuli yako ni ghafi, vimeng'enya vingine vitaimaliza ATP hiyo mbele ya macho yako. Weka kreatini fosfati na kreatini kinasi ili iendelee kutengenezwa upya. Wala usidhani kujaza ATP zaidi na zaidi ni dawa. Ikizidi sana, kasi ya kukata peptidi hushuka.

Chumvi nayo. Kloridi ya potasiamu ya milimola 500 ndiyo njia ambayo watu huitumia makusudi kuivua kofia. Ukitoa protini kwenye safu kwa chumvi nyingi, usiipeleke moja kwa moja kwenye pleti ukategemea 26S.

Halafu kuna stima. Inapotea usiku wa Ijumaa, jenereta inakataa, na Jumatatu friza inasoma −80 kana kwamba hakuna kilichotokea. 20S itavumilia. 26S iliyoyeyuka nusu na kuganda tena imekwisha kuachana na kofia zake nyingi. Hila yetu ni ya kizamani: kikombe cha maji yaliyogandishwa, sarafu ya shilingi 20 juu ya barafu, kikombe ndani ya friza. Ukiikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka. Haikuambii friza ilipanda hadi −30, ila inakuambia lile baya zaidi, nayo haihitaji stima kukuambia.

Na kama ni Julai, kabla ya hayo yote, gusa pleti kwa kiganja. Asubuhi za Julai maabara yetu ni baridi hasa, na pleti iliyokaa benchini huchukua dakika nyingi kufikia nyuzi 37. Grafu huanza kwa kulegea kisha hupinda juu. Mtu anaweza kuuona mkunjo huo akadhani msimamizi anatua taratibu kwenye pipa. Ipashe pleti moto kwanza, halafu uone kama mkunjo bado upo.

Dalili: MG132, kizuizi cha proteasomu, haiuzimi mng'ao wote

LLVY hupendwa na vimeng'enya vingine pia, kalpaini mojawapo. Katika sampuli ghafi ya tishu, sehemu ya mng'ao huenda haina uhusiano wowote na proteasomu. MG132 nayo haikusaidii kuamua, maana hubana kalpaini na kathepsini pamoja na proteasomu. Tumia epoksomisini, kizuizi kinachoshika ile threonini ya mwanzo wa mnyororo ndani ya pipa. Toa mng'ao unaobaki baada ya epoksomisini kutoka kwa mng'ao wote. Tofauti hiyo ndiyo proteasomu. (Carfilzomib, dawa ya saratani ya mieloma iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, ni kizazi cha epoksomisini.)

Dalili: PA28 uliyoitengeneza inaonekana safi, lakini haiamshi kitu

Umeizalisha ndani ya bakteria, jeli inaonyesha bendi moja nzuri karibu na kilodaltoni 28, umeichanganya na 20S, na kimya.

Uliiweka wapi tagi ya histidini, ule mnyororo mfupi wa kusafishia? Kama iko mwisho wa mnyororo, umepata jibu. Ule mkia wa mwisho ndio ufunguo unaoingia kwenye mfuko wa alfa. Asidi amino chache za mwisho zikiondolewa au zikifunikwa, pete itajijenga vizuri tu na haitashika pipa kamwe. Hamisha tagi iende mwanzoni. Kanuni hiyo inawahusu pia Rpt za 19S: baadhi yao, kama Rpt2, Rpt3 na Rpt5, humalizikia kwa asidi amino inayokimbia maji, kisha tirosini, kisha yoyote. Ilionekana mwaka 2007 kwamba peptidi fupi zenye mpangilio huo peke yake zinaweza kulifungua lango la 20S. Nilipokutana na jambo hilo mara ya kwanza nilisimama: kofia kubwa kama ile, na ufunguo wake ni herufi tatu.

Lakini kushika na kufungua ni vitu viwili, na PA28 ndiyo inayolionyesha hili vizuri kuliko wote. Mkia hushika, kinachofungua ni kitanzi kidogo katikati ya kila kipande, kinachosukuma mikia ya alfa itoke njiani. Kuna badiliko moja katika PA28α, asparajini ya 146 ikiwa tirosini, linaloacha pete ishike pipa kama kawaida huku lango likibaki limefungwa. Kwa hiyo kama jeli inaonyesha PA28 yako imepanda juu ya 20S lakini mng'ao haupo, soma mfuatano wa jeni lako upya. Kosa moja la PCR kwenye kitanzi linatosha.

Angalia pia ni PA28 ipi. Ndani ya seli, α na β hujenga pete mchanganyiko ya α nne na β tatu, nazo huongezeka seli ikipata interferoni gama. α peke yake hujenga pete na kufanya kazi kwa unyonge zaidi. Β peke yake haipendi kujenga pete. Zalisha zote mbili pamoja. Tena punguza chumvi kwenye bafa, kwa sababu muungano wa PA28 na 20S huachana upesi chumvi ikipanda.

PA28γ ni habari nyingine. Hukaa kwenye kiini cha seli, pete yake ni ya γ tupu, na huchochea hasa ukataji wa β2. Ukiipima kwa LLVY, peptidi ya β5, utaandika kwenye daftari kwamba haifanyi kazi, na utakuwa umeionea. Tumia Boc-LRR-AMC. Badiliko moja la lisini ya 188 kuwa asidi glutamiki huifanya γ iamshe meno yote matatu. Kama una kloni ya aina hiyo, ni kontroli nzuri sana.

Dalili: peptidi zinakatwa, protini yenye ubikwitini haiguswi

Uliza tena nani yuko mlangoni. PA28 na PA200 hufungua lango ila hawana mota. Protini iliyokunjika haipiti, na ubikwitini kwao haina maana. Kupima kwa peptidi peke yake kunaweza kukudanganya kwamba una 26S kumbe una 20S yenye PA28.

Kama ni 26S kweli, tazama bendi za ubikwitini. Zikifupika hatua kwa hatua na protini ikabaki nzima, USP14, kimeng'enya kinachokata ubikwitini kwenye kofia, kinaweza kuwa kinapunguza mnyororo haraka kuliko kofia inavyovuta. IU1 huizuia USP14. Weka kisima kimoja chenye IU1 ulinganishe. Zisipofupika hata kidogo, fikiria Rpn11 na zinki yake, na ujiulize kama kuna kitu kinachonyonya metali kwenye bafa. Ndiyo, EDTA tena, au fenanthrolini. Na mara nyingine kosa liko kwa protini yenyewe: Rpt zinahitaji kipande kilicholegea cha kushikia, mkia usiokunjika. Protini iliyofumbatana pande zote inaweza kuwa na mnyororo mrefu wa ubikwitini na bado isipate pa kuvutwa. Iongezee mkia.

Dalili: jeli ya asili ina bendi moja tu

Jeli hii huendeshwa bila kuvunja protini. ATP na magnesi ziwe ndani ya jeli na ndani ya bafa ya tangi, chumba kiwe cha nyuzi 4. Kutoka juu utaona yenye kofia mbili, yenye kofia moja, halafu 20S chini, ambayo haiwaki hadi uongeze SDS. Ukiona ya chini tu, rudi kwenye habari ya EDTA.

Dalili: sampuli ya kimelea haifuati kitabu

Nairobi ina historia ndefu ya vimelea. Maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, ilianzishwa hapa mwaka 1973 kwa ajili ya nagana na ndigana kali, na mwaka 1994 ikawa sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Basi si ajabu mtu akaja na tripanosoma, vimelea vya nagana na malale, na kingamwili zilizotengenezwa kutambua protini za binadamu. Trypanosoma brucei ina msimamizi wake, PA26, pete ya saba kama PA28 lakini mfuatano wake umeachana nayo mno. Kingamwili ya PA28 haitaiona. Mwaka 2000 umbo la PA26 likiwa juu ya 20S ya hamira lilichapishwa, na ndilo lililotuonyesha kwa macho jinsi mikia na vitanzi vinavyofungua lango. Kimelea cha malale kilitufundisha mlango wa hamira na wa binadamu pia.

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kina PA28 yake vilevile, na umbo lake likiwa juu ya 20S lilichapishwa mwaka 2019. Kimelea kilichonyimwa PA28 hiyo huumizwa zaidi na dihidroartemisinini, dawa ya malaria. Ukipima proteasomu ya malaria na dawa pamoja, usimsahau msimamizi huyu. Bakteria wa kifua kikuu wamejitenga zaidi: hawana ubikwitini, hubandika protini ndogo iitwayo Pup, na mota yao ni Mpa. Kingamwili ya ubikwitini ikikosa kuonyesha kitu hapo, haijakosea.

Dalili: ulizuia proteasomu, kesho yake zimeongezeka

Umeziwekea seli bortezomib usiku kucha, na asubuhi vipande vya proteasomu ni vingi kuliko vya seli ambazo hazikuguswa. Hujabadilisha lebo. Seli inapoona takataka zinajaa, protini ya NRF1, ambayo kwa kawaida huharibiwa na proteasomu yenyewe, hunusurika, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za proteasomu karibu zote, za pipa na za kofia. Ukitaka athari ya kizuizi peke yake, vuna seli baada ya saa 2 na 4, uache na kundi la saa 16 pembeni ulinganishe. Na kwenye daftari andika saa uliyotia dawa, si tarehe tu.